Rabai: Shoka Hukomea Ukingoni

Ukitoka Mombasa kwa barabara ya Nairobi, shuka Mazeras kisha upande matatu ya kwenda Kaloleni. Muda si muda utaona minazi, mikorosho, mihogo na viraka vya mahindi vilivyong'ang'ania miteremko. Hapo ndipo Rabai. Wageni wengi huja kuona jumba la makumbusho katika kanisa la wamishonari Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, waliofanya makao yao hapa mwaka wa 1846. Ni ziara nzuri, hasa kwa watoto wa shule. Lakini usiondoke kabla ya kuona misitu iliyosimama katikati ya mashamba, kana kwamba wakulima walifika pale na majembe yao, wakakumbuka jambo, wakageuka.

Hizo ndizo kaya. Hapa Rabai ziko kadhaa, zikiwemo Mudzimuvya, Bomu na Fimboni. Zamani Wamijikenda waliishi ndani yake, katika uwazi uliozungukwa na miti, na msitu ukawa ukuta wao dhidi ya maadui. Baadaye walihamia nje ili walime, na kufikia miaka ya 1940 kaya zilikuwa zimehamwa. Makaburi ya wazee yalibaki ndani, pamoja na fingo, yaani kinga iliyozikwa ardhini kulinda mji. Kwa hivyo msitu haukuhesabiwa kuwa pori la kugawana.

Miiko yake inajulikana na kila mtoto wa hapa. Hukati mti, huingizi mifugo, wala huokoti hata ukuni uliokauka ukaenda nao nyumbani. Anayevunja mwiko hutozwa faini ya kuku au mbuzi, na wazee hufanya tambiko la kutakasa mahali palipochafuliwa. Ushirikina, husema baadhi ya vijana. Huenda. Lakini sheria hiyo isiyoandikwa popote imelinda miti pale ambapo karatasi nyingi za serikali zimeshindwa kwingineko. Miaka ya 1980, wataalamu Ann Robertson na Quentin Luke walipozunguka misitu ya pwani wakiorodhesha mimea, walikuta kaya zimehifadhi mimea adimu ambayo mashambani ilikuwa imekwisha kitambo.

Mkulima wa Rabai hahitaji orodha hiyo kujua faida. Mizizi ya msitu hushika udongo wa kilima mvua za masika zinapoporomoka. Nyuki wanaokaa mle huzuru maua ya mikorosho yake. Mtoto akiumwa tumbo, mganga anajua mti upi wa kuuomba gome.

Hata hivyo, shida iko, na si ndogo. Baba aliyerithi ekari tatu ana wana wanne, na kila mwana anataka pa kulima. Mbele yao kuna ardhi isiyolimwa, yenye udongo mweusi wa majani yaliyooza. Ni kweli kaya zilianza kutangazwa kuwa turathi za taifa mwaka wa 1992, na mwaka wa 2008 UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Kule Kinondo, karibu na Diani, jamii hupata chochote kutokana na watalii wanaofungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia. Lakini si kila kaya iko karibu na hoteli. Wazee wenyewe wanapungua, na katika sehemu za Kilifi baadhi yao wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Mzee akienda hivyo, nani atamtoza mkata miti mbuzi?

Swali hilo nilimpelekea mzee mmoja tuliyekutana ukingoni mwa shamba, mahali mstari wa mwisho wa mahindi unapokomea kivulini. Nilimwamkia shikamoo, akanikaribisha kwenye gogo. Hakuwalaumu vijana. Alisema mwenye njaa haoni mti, huona boriti na gunia la makaa, na magunia hayo hayaliwi Rabai. Yanapakiwa kwenda mjini.

Tulipoagana aliniuliza, "Mwanangu, huko kwenu bado mwapikia makaa?"

Nikasema ndiyo, mzee.

"Yatoka wapi?"

Nikatazama viatu vyangu.