Ndjingala, mlango wa Bisie

Mwezi huu tunawapeleka Walikale, kwenye barabara kubwa ya Bukavu na Kisangani. Ukitoka Walikale mjini na kupita Mubi, unafika Ndjingala, katika nchi ya Wanyanga. Nyumba zimefuata barabara, na msitu uko nyuma yake. Watu wanalima muhogo, ndizi na mpunga, wanakamua mawese.

Karibu na mwaka 2002 kasiterite ilionekana Bisie, ndani ya msitu. Kasiterite ndiyo inatoa bati, na bati inaunganisha vyuma vidogo ndani ya redio na simu. Gari halikuweza kufika huko. Njo maana Ndjingala iligeuka mlango. Wabebaji walitembea msituni siku mbili, kila mmoja na kilo kama 50 mgongoni. Wakirudi Bisie walibeba unga, mchele, chumvi, sabuni, hata pombe, na huko bei ilipanda sana. Njiani wenye bunduki walitoza kodi. Huko Kilambo, ndege ndogo zilitua juu ya lami ya barabara, zikachukua mawe mpaka Goma.

Vijana wengi waliacha jembe. Mzigo ulilipa haraka.

Lakini mzigo unasimama. Septemba 2010 Rais alifunga machimbo ya Kivu zote mbili na Maniema, mpaka Machi 2011. Baadaye ikaja kampuni kubwa na mashine na barabara yake; toka 2019 inatoa bati kwa wingi, na mgongo wa mbebaji hautafutwi tena kama zamani. Machi 2025 M23 iliingia Walikale mjini. Kampuni nayo ilifunga kazi, ikarudia mwezi wa Aprili.

Kila mara swali lilikuwa lile lile nyumbani: leo tutakula nini? Mwenye shamba alikuwa na jibu. Ni kweli, vita inakimbiza hata mkulima. Ila muhogo ulioachwa udongoni unaweza kumngoja mwenyewe miezi mingi. Mzigo haumngoji mtu.

Hatusemi kuchimba ni zambi. Jasho la karyeri limesomesha watoto wengi, Bisie na hata Rubaya kule Masisi. Tunauliza tu: franga za mwezi huu, ngapi zimenunua mbegu, mbuzi au karo ya shule, na ngapi zimeishia kwenye chupa?

Baba, mama na vijana, muzungumze hilo jioni ya leo, mbele ya sala.