Jemadari na Karatasi Zake

Njia ya mwongo ni fupi, walinena wahenga. Kwa Peng Dehuai, jemadari wa mapinduzi ya Uchina, njia hiyo ilichukua miaka 19.

Peng alizaliwa mwaka wa 1898 mkoani Hunan, katika ukoo wa wakulima mafukara. Utotoni alifanya kazi katika machimbo ya makaa ya mawe, na mnamo 1916 akajiunga na jeshi. Mwaka wa 1928 aliingia Chama cha Kikomunisti, akaongoza uasi wa Pingjiang. Alistahimili Safari Ndefu, akapigana na Wajapani, na kuanzia 1950 akaongoza majeshi ya Uchina nchini Korea hadi vita viliposimamishwa mwaka wa 1953. Mwaka uliofuata akawa Waziri wa Ulinzi.

Risasi hazikumwangusha, kilichomwangusha ni barua. Mwaka wa 1958 Uchina ilianzisha kampeni ya Mruko Mkubwa, iliyochangia njaa iliyoua mamilioni ya watu. Peng alizuru vijijini, akatambua kwamba mavuno yaliyotangazwa yametiwa chumvi. Tarehe 14 Julai 1959, wakati wa mkutano wa Lushan, alimwandikia Mao Zedong kwa faragha. Barua ilikuwa ya adabu: ilisifu kwanza, kisha ikataja kasoro. Mao aliamuru isambazwe kwa wajumbe, halafu akaishambulia. Peng akavuliwa uwaziri.

Mapinduzi ya Utamaduni yalipozuka, alikamatwa mwishoni mwa 1966, akapigwa na kudhalilishwa hadharani. Waliomhoji walimwamuru aandike maisha yake, wakitaraji aungame uhaini. Hapa ndipo msomaji wa fasihi hana budi kutua. Aghalabu tawasifu huandikwa kwa hiari, na msimulizi hutaraji hadhira itakayomwelewa. Ya Peng iliandikwa kwa shuruti, na hadhira yake ya kwanza ilikuwa adui. Angeweza kubuni hatia ili apunguziwe mateso. Badala yake alisimulia aliyoyatenda, akakana uhaini.

Alifariki Novemba 1974 akiwa bado kizuizini, na majivu yake yakahifadhiwa chini ya jina la uongo. Chama kilimtakasa mwaka wa 1978. Mwaka wa 1981 karatasi zile zilichapishwa kuwa kitabu. Maandishi yaliyokusudiwa kumtia hatiani yakageuka kuwa utetezi wake, na jina lililofichwa kwenye chombo cha majivu likasomwa upya, safari hii juu ya jalada.