Upepo na Cheche

Katika umri wangu wote wa kazi, ambao nimeutumia katika karakana za Tanga nikitengeneza pikipiki za kila namna, sikupata kuona hitilafu zilizowahadaa mafundi wengi kama zile zitokanazo na vitu viwili visivyoonekana kwa macho, yaani upepo upitao katika mipira ya kabureta na umeme upitao katika nyaya za kuwashia moto. Gurudumu likipinda huonekana, mnyororo ukilegea husikika, na oili ikivuja huacha alama chini. Lakini upepo ukiingia pasipostahili, au umeme ukipotea njiani, mashine hulalamika kwa sauti ile ile moja, nayo sauti hiyo aghalabu hufasiriwa kwa dhana. Nami naandika kurasa hizi ili niwaachie wanaonifuata jambo moja ninaloliamini kuliko yote niliyojifunza, kwamba kazi ya fundi ni kuiondoa dhana na kuiweka yakini mahali pake, na kwamba yakini haipatikani ila kwa kuiuliza mashine swali moja kwa wakati mmoja.

Kazi hii nilifundishwa na ami yangu, ambaye wakati wa Vita Vikuu vya Pili alihudumu katika King's African Rifles na akarejea nyumbani na maarifa ya mashine yaliyomtosha kwa riziki ya maisha yake yote. Karakana yake ilikuwa Ngamiani, ile sehemu ya mji wetu ambayo barabara zake hujulikana kwa namba, na wateja wake wa kwanza walikuwa wasimamizi wa mashamba ya mkonge ya Muheza, Ngomeni na Korogwe. Kwa maana zama hizo Tanganyika ilikuwa mbele ya nchi zote duniani kwa mkonge, na msimamizi asiye na pikipiki hakuweza kuyazunguka mashamba yake kabla ya jua kuwa kali. Nilipoingia kwake kuwa mwanagenzi, mwanzoni mwa miaka ya 1960, pikipiki iliyoletwa mara nyingi ilikuwa BSA M20, yenye silinda moja ya sentimita za ujazo 496, ambayo jeshi la Uingereza liliitumia kwa wingi mno vitani, na ambayo, kwa kuwa magneto yake ilijizalia umeme bila ya kutegemea betri na kabureta yake ilifungwa moja kwa moja kwenye injini, ilikuwa kitabu chepesi kwa mwanafunzi.

Somo la kwanza alilonipa ami halikuwa la spana wala bisibisi. Aliniketisha mbele ya ile M20, akanionyesha koo jembamba la kabureta, akasema, "Mwanangu, usidhani injini huvuta hewa, hewa ndiyo inayojisukuma ndani, kwa kuwa ina uzito, nayo haingoji kukaribishwa." Baadaye sana nilisoma kwamba Mtaliana Torricelli aliuthibitisha uzito huo tangu mwaka 1643, na kwamba hapa pwani, usawa wa bahari, hewa huweza kuhimili zebaki kiasi cha milimita 760 katika mrija, lakini maana yake kwa fundi nilikuwa nimekwisha kuifahamu siku ile. Pistoni inaposhuka, ndani hubaki ombwe, na hewa ya nje hukimbilia kulijaza kupitia koo la kabureta, na kwa mbio zake pale kooni huipandisha petroli kwa kipimo kilichokadiriwa na waliounda chombo. Basi ikiwa pana ufa, hata uwe mdogo kama unywele, katika gaskiti au katika mpira wowote ulio baina ya kabureta na silinda, hewa itaingia kwa njia hiyo pia, nayo haitakuwa imebeba petroli. Mchanganyiko utakuwa mwepesi, plagi itakuwa nyeupe, injini itapata joto kupita kiasi, na mngurumo wake wa kutulia utapanda wenyewe na kukataa kushuka.

Somo la pili lilikuwa la cheche. Alinifahamisha kwamba cheche hairuki wakati pointi zinapofunga njia ya umeme, kama wengi wanavyodhani, bali wakati zinapofunguka. Kwa kuwa umeme uliokuwa ukipita katika koili ukikatizwa ghafula, nguvu iliyohifadhiwa humo hutafuta pa kutokea, na hupata upenyo katika mwanya mdogo wa plagi. Kwa hiyo pointi zilizoungua, kondensa iliyochoka, au waya uliolegea, vyote hudhoofisha ule mkatizo, na cheche hutoka nyembamba na ya rangi ya manjano badala ya kutoka nene na ya buluu.

Ami alipofariki na karakana ikawa mikononi mwangu, zilikuwa zimekwisha kuingia pikipiki za Kijapani, na pamoja nazo taabu mpya. Miongoni mwazo naikumbuka zaidi Suzuki GS750, aina iliyotoka kiwandani kuanzia mwaka 1976, yenye silinda nne, kabureta nne, pointi seti mbili na koili mbili. Koili moja ikihudumia silinda ya kwanza na ya nne, na ya pili ikihudumia zile mbili za katikati. Koki yake ya mafuta haikufunguliwa kwa mkono, bali ndani yake mlikuwa na kiwambo chembamba cha mpira kilichoinuliwa na ombwe la injini lililofika kwa mpira mdogo, hata injini ikizimika koki hujifunga yenyewe. Tadbiri hiyo ni nzuri, lakini ina sharti lake: mpira ule ukitoboka, petroli haishuki sawasawa na hewa huingia kwenye silinda ulikounganishwa, na kiwambo kikipasuka, petroli hunyonywa kupitia mpira ule ule, na plagi ya silinda hiyo huwa nyeusi na kulowa, ilhali nyingine ni safi.

Mwenye pikipiki hiyo alikuwa amefanya kazi miaka mingi Muscat, akarejea nayo kwa jahazi la mizigo. Aliponijia, baada ya kuniamkia na kuulizana hali za nyumbani, alinieleza kwa uchovu kwamba chombo chake huwaka vizuri asubuhi, lakini kikikaribia Pongwe, nje ya mji, hupoteza nguvu, hukohoa na kuzimika, na kikipumzishwa kivulini huwaka tena. Na kwamba mafundi waliotangulia walikuwa wamezifungua kabureta mara kwa mara, kila mmoja akibadilisha kitu na kumwacha mwenzake asijue kilichobadilishwa. "Fundi, nimekwisha kukata tamaa," akaniambia. Nikamjibu, "Bwana, tusikate tamaa kabla hatujauliza."

Sikufungua kabureta. Nilipanda pikipiki ile mwenyewe hadi ilipoanza kulegea, kisha pale pale barabarani nikaigeuza koki kwenye ile alama iandikwayo PRI, ambayo huiachia petroli kushuka bila ya kukitegemea kiwambo. Nguvu nyingi ikarudi. Jawabu hilo moja lilinitosha kujua kwamba petroli ilikuwa haifiki, na kwamba kosa halikuwa ndani ya kabureta bali katika njia ya ombwe. Niliuchomoa mpira wa koki. Haukunuka petroli, basi kiwambo kilikuwa kizima. Niliupuliza, ulipitisha pumzi. Lakini nilipouziba upande mmoja na kuunyonya upande wa pili, ulijibana kama utumbo na kufunga kabisa. Ulikuwa si mpira wake wa asili, bali mpira laini wa kuta nyembamba, nao ulipita juu ya injini, ukazidi kulainika kila injini ilipopata moto. Sikumlaumu aliyeuweka, kwa kuwa tulikuwa katika miaka ya mwanzo ya 1980, ambapo vipuri vilikuwa adimu nchini na kila fundi alitumia alichokipata. Lakini tangu siku hiyo nimewafundisha vijana wangu kwamba mpira ulioumbwa kwa kusukumiwa si lazima uweze kunyonywa, na kwamba mpira wa ombwe huchaguliwa kwa unene wa kuta zake.

Niliweka mpira mnene, nikapaka oili nyepesi kwa unyoya wa kuku kuzunguka ile mipira minne inayounganisha kabureta na injini, huku injini ikinguruma kwa kutulia, kwani penye ufa oili hunyonywa na mngurumo hubadilika mara moja. Oili hiyo haina hatari ya moto kama petroli ambayo wengine huitumia kwa jaribio hilo hilo. Mngurumo haukubadilika. Ningaliishia hapo, ningaliirejesha pikipiki ikiwa nusu nzima, kwa maana ilipopanda kilima na mzigo bado ilikatakata.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame nami kidogo. Hitilafu mbili zilikuwa zimekaa katika mashine moja na kuvaa alama moja, na kila aliyetengeneza hii akaona ile imebaki alidhani hakutengeneza kitu, akakirudisha alichokitoa. Fundi anapaswa kuwa kama kadhi, asikate hukumu mpaka kila shahidi asikizwe peke yake. Nilinyunyiza matone ya maji juu ya mabomba manne ya moshi, na yote yakakauka upesi na sawasawa. Lingekuwa baridi bomba moja tu, ningeitazama plagi yake na waya wake mnene. Yangekuwa baridi la kwanza na la nne kwa pamoja, ningeishuku koili yao au pointi zao. Lakini kwa kuwa yote yalikuwa sawa, ilinilazimu kuutafuta udhaifu mahali ambapo umeme wa koili zote mbili hupita pamoja.

Betri ilionyesha volti 12.6, na hilo ndilo lililokuwa limewaridhisha waliotangulia. Nilihakikisha kwanza kwamba pointi zimefunga na mkondo unapita, kwa sababu waya usiopitiwa na mkondo huonyesha volti kamili hata ukibakiwa na uzi mmoja tu wa shaba. Kisha nikapima kwenye koili, kwenye ule waya wa rangi ya chungwa wenye mstari mweupe, nikakuta hazifiki 10. Nikahamisha mita kutoka kiungo hadi kiungo, nikirudi nyuma kuelekea betri, mpaka nikafika kwenye viungio vilivyo karibu na shingo ya pikipiki, na nilipovifungua nikaona shaba imegeuka kijani kwa chumvi ya bahari. Sisi wa pwani tunaipenda bahari yetu, lakini pumzi yake huila shaba kimyakimya, na kiungo kilicholika hupata moto, na kikipata moto huzidi kuuzuia umeme. Nilivikwangua, nikavibana upya, nikavipaka grisi. Kisha nikaugeuza usukani kushoto na kulia huku injini ikinguruma, nipate kujua kama pana waya uliokatika ndani ya ganda lake pale unapokunjwa kila siku. Hapakuwa na uliokatika. Nilipopima tena, koili zilipata takriban umeme wote wa betri, na jioni ile bwana yule alikwenda Pongwe na kurudi, akapanda vilima vyote bila ya kukatizwa.

Vijana ninaowafundisha sasa hutengeneza zaidi pikipiki za bodaboda, ambazo pointi zake zimekwisha kuondolewa na mahali pake pamewekwa kisanduku kilichofungwa, kisichorekebishika kwa bisibisi. Hukiogopa, na kwa hofu hiyo hukibadilisha kabla ya kupima waya unaokilisha na ule unaokiunganisha na bodi ya chuma. Mwenye chombo hulipia kisanduku kipya kwa ajili ya kiungo chenye kutu. Nawaambia kwamba hewa bado ina uzito, na shaba bado huliwa na chumvi, na kwamba mwenye kuanza kwa kununua kipuri ameanza mwisho wa kazi. Nimewawekea sharti moja katika karakana yangu: kisibadilishwe kitu cha pili kabla jawabu la cha kwanza halijaandikwa katika daftari, na kipuri cha zamani, hata kikiwa kipande cha mpira kisichotimiza shibiri, apewe mwenye chombo mkononi na aelezwe kilikuwa na ila gani na ila hiyo ilijulikanaje. Wako wanaouliza kwa nini walipe ujira wa siku nzima kwa kipande kama hicho. Huwajibu kwa heshima kwamba mpira wenyewe thamani yake ni ndogo, na kwamba wanacholipia ni kujua kwa hakika kuwa ni huo. Kwa maana mwenye chombo atapakia abiria, au mke wake, au watoto wake, na atasafiri usiku barabarani akiuamini mkono wangu, na haki yake kwangu ni kwamba asipande juu ya dhana yangu.