Daftari Tusilolifungua

Tulikuwa tukitoka Mbagala baada ya swala ya Alfajiri kuwahi dukani Kariakoo, na kurejea Isha imekwisha swaliwa, watoto wamelala. Ada tumelipa, madrasa hawakosi. Tukajiona tumetimiza wajibu.

Juzi tulifungua daftari la hisabati la kijana wetu wa darasa la nne, mwaka wa upimaji wa taifa. Mara tatu mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: "Mzazi aone, atie saini." Saini zilikuwepo, kwa mwandiko wa mtoto.

Tulipomuuliza, alijibu kwa adabu: "Mlikuwa hamjarudi."

Tulikosa la kumkemea. Kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Sasa duka tunalifunga baada ya Alasiri. Mauzo yamepungua; daftari linafunguliwa kila jioni.