Guinness nzito, na iwe ya moto

Shemeji,

Salamu kutoka Dublin. Mvua ya huku haina adabu: hainyeshi ikaisha, inachuruzika tu kutwa nzima. Usishangae basi kwamba barua hii naiandikia baa.

Ulinituma nikaione Guinness kwao, nami nimefika kiwandani kwake, St. James's Gate. Hapa ndipo Arthur Guinness alipotia saini mwaka 1759 mkataba wa kupanga kwa miaka 9,000, kodi pauni 45 kwa mwaka. Mwambie mwenye nyumba wako!

Wenyeji wengi wanakunywa ile ya bomba, asilimia 4.2 tu, inayosukumwa kwa gesi ya naitrojeni, ndiyo maana povu lake ni laini na halikatiki hadi glasi iishe. Tamu, ila kwetu sisi watu wa chupa ni nyepesi. Nikaagiza Foreign Extra Stout, asilimia 7.5, ndugu mkubwa wa ile yetu ya Nairobi yenye 6.5. Ukoo wake unaanzia bia ya mwaka 1801 iliyotengenezwa kwa ajili ya visiwa vya Karibiani: waliizidishia hopsi na kilevi ili ivumilie safari ndefu ya meli.

Ilitoka kwenye friji chupa ikivuja jasho. Nikamimina taratibu, povu la kahawia likapanda. Nikaiinua mbele ya taa: kumbe si nyeusi, ni nyekundu iliyokolea. Funda la kwanza, uchungu na gesi, basi. Nikaiacha hapo kaunta, nikapiga soga na mzee mmoja kuhusu mpira. Niliporudia, bia ilikuwa imepungua ubaridi na kufunguka. Kwanza kahawa na mkate ulioungua, kazi ya shayiri iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi. Kisha sukari guru, zabibu kavu, na uchachu kwa mbali. Mwishowe uchungu unabaki kooni, na kifua kinapata joto.

Kwa hiyo wale wazee wa kwetu wanaoagiza "ya moto", yaani isiyotiwa friji, tuwaheshimu. Baridi kali inaiziba mdomo bia ya aina hii.

Naipa nane kwa kumi. Mbili nimekata kwa sababu ya gesi. Yako itoe kwenye friji nusu saa kabla, inywe kwa glasi, na mbuzi choma awepo mezani. Chupa moja inatosha, na funguo za gari mpe dada.