Ukurasa Unaoachwa Njiani

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kujenga mifumo endeshi kwa zana zilizotengenezwa na watu wa mbali, kisha kuitunza mifumo hiyo ikishafika mashinani. Ninaandika haya nikiwa Nyakarenzo, sekta ya milimani katika wilaya ya Rusizi, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita Cyangugu. Kazi hiyo imenipa hoja moja ambayo nimeigeuza kila upande na bado naiona imesimama. Kila zana ya kujengea mfumo endeshi, ikiwa imetengenezwa na watu waaminifu, huja na ukurasa ambamo waundaji wanakiri yale wanayojua kuwa ni mabovu na ambayo hawajayatengeneza. Ninashikilia kwamba ukurasa huo ni kiungo cha zana yenyewe, sawa na kompaila au keneli, na kwamba anayekabidhiwa zana bila ukurasa huo amekabidhiwa nusu. Zana inaposafiri kutoka mkono hadi mkono, ukurasa huo ndio wa kwanza kuachwa njiani, na hasara yake humwangukia yule wa mwisho kupokea.

Msomaji asiye fundi anaweza kudhani kwamba kasoro katika zana ni sawa na kasoro katika programu yoyote. Sivyo. Programu ya kuandikia barua ikiwa na hitilafu, barua ndizo zinazoharibika. Zana ya kujengea mfumo endeshi ni kama kalibu ya matofali: ikiwa imepinda upande mmoja, kila tofali linalotoka humo limepinda, na nyumba zote zilizojengwa kwa matofali hayo zina tatizo ambalo mwenye nyumba hawezi kuliona kwa kutazama ukuta wake peke yake. Ndani ya zana hizo mna kompaila inayogeuza maandishi ya mwanadamu kuwa lugha ya mashine, mna keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, mna maelfu ya vifurushi vya programu kutoka kwa waandishi wasiofahamiana, na mna programu ya kuvikusanya vyote kuwa mfumo mmoja unaoweza kunakiliwa kwenye mashine. Kazi ya watu wengi kiasi hicho haiwezi kukosa kasoro, na sijapata kusoma maelezo ya toleo lolote la maana yanayodai kwamba imekosa.

Rwanda ina mfano wake mkubwa. Kuanzia mwaka 2008 serikali ilisambaza shuleni kompyuta ndogo za kijani na nyeupe za mradi wa One Laptop per Child, ule uliotangazwa na Nicholas Negroponte mwaka 2005, na hesabu ikafika zaidi ya mashine 200,000. Mashine ya kizazi cha kwanza ilikuwa na kichakataji cha AMD Geode cha megahezi 433, kumbukumbu ya megabaiti 256 na hifadhi ya gigabaiti moja tu. Juu yake kulikuwa na Fedora, mojawapo ya matoleo ya Linux, na juu ya Fedora kiolesura cha watoto kiitwacho Sugar. Mradi ulitoa pia zana iitwayo OLPC OS Builder, ambayo ilisoma faili la maagizo na kutoa mfumo mzima uliopikwa kwa mahitaji ya nchi au shule fulani: lugha yake, vitabu vyake, programu zake. Naisifu zana hiyo bila kusita. Ilimwezesha fundi wa nchi ndogo kufanya kazi ambayo kabla ya hapo ilikuwa ya makampuni makubwa, na waundaji wake hawakuficha kasoro.

Chukua padi ya kugusa ya mashine zile za mwanzo. Ilijulikana kwamba mshale kwenye skrini ungeweza kuanza kurukaruka wenyewe, kana kwamba kuna mkono mwingine unaouvuta. Ilijulikana pia kwamba kubonyeza kwa pamoja vitufe vinne vya pembe za kibodi kuliifanya padi ijipime upya, na mara nyingi mshale ukatulia. Kasoro yenyewe ilikuwa katika kifaa, kwa hiyo hakuna programu ambayo ingeiondoa kabisa. Lakini maelezo ya sentensi mbili yalitosha kuitofautisha mashine inayofanya kazi na mashine inayorundikwa stoo. Chukua tena hifadhi. Katika toleo la 8.2, lililotoka mwaka 2008, gigabaiti ile moja ikijaa picha na sauti za mtoto, Sugar ilishindwa kufunguka. Anayejua hilo anaingia kwa njia ya maandishi matupu, anafuta mafaili machache, na mashine inarudi. Asiyejua anaona kompyuta iliyokufa, na tena iliyouawa na mtoto aliyeipenda na kuitumia kuliko wenzake. Sioni ushahidi ulio wazi kuliko huu. Kasoro ni ileile, mashine ni ileile. Kinachoamua ni kama ule ukurasa ulifika pamoja na sanduku au haukufika.

Kuna kasoro nyingine ambazo hazionekani kwenye skrini hata siku moja, nazo ndizo zinazonipa wasiwasi zaidi. Mfululizo wa 13.2 wa mfumo wa mashine hizo ulijengwa juu ya Fedora 18, iliyotoka Januari 2013. Fedora hutunza kila toleo kwa muda wa takriban miezi 13, na toleo la 18 liliachwa Januari 2014. Tangu siku hiyo, tundu la usalama linalogunduliwa katika vifurushi vyake halipati tena kiraka kutoka Fedora, na zana ikiitwa leo kujenga mfumo upya itatii maagizo, itachukua vifurushi vilevile kutoka ghala la kumbukumbu, na itatoa mfumo wenye matundu yote. Kwa macho ya zana hakuna kosa lililotendeka. Ndiyo maana nasema orodha ya kasoro haiwezi kuwa karatasi inayochapwa mara moja siku ya uzinduzi. Inapaswa kukua hata baada ya zana kuacha kukua, kwa sababu zana iliyoachwa inaendelea kuzeeka.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi kutoka kwa wasimamizi ni la imani: ukimpa mnunuzi au mwalimu orodha ya ubovu, atakikataa chombo. Jibu langu liko kwenye mashamba ya eneo letu. Kahawa ya Rwanda, Burundi na Kongo ya mashariki ina dosari inayojulikana dunia nzima kwa jina la ladha ya kiazi. Inahusishwa na mdudu aitwaye antestia anayetoboa tunda. Punje moja iliyoathirika inatosha kuharibu kikombe kizima, na kwa macho huwezi kuitambua hadi kahawa ikaangwe na kusagwa. Ni kasoro isiyo na tiba kamili hadi sasa. Je, wakulima na wanunuzi waliificha? Waliitaja, wakaifanyia utafiti, wakajifunza kuelesha punje majini na kuchambua kwa mkono ili kuipunguza. Na Rwanda, pamoja na dosari hiyo, ndiyo iliyokuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuandaa shindano la Cup of Excellence, mwaka 2008. Mnunuzi mzoefu haogopi kasoro yenye jina. Anaogopa ile atakayokutana nayo peke yake baada ya kulipa.

Kinyume chake tumekiona Uingereza. Shirika la posta la huko lilianza mwaka 1999 kutumia mfumo wa hesabu uitwao Horizon. Mfumo ulionyesha upungufu wa fedha katika matawi, na kwa muda wa miaka 16 hivi zaidi ya wakuu wa matawi 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu. Wahandisi wa mfumo huo walikuwa na kumbukumbu ya kasoro zinazojulikana, iliyotunzwa ndani kwa ndani, huku waliokuwa wakishtakiwa wakikosa kuwa nayo mikononi. Desemba 2019 Mahakama Kuu ya London iliamua kwamba kasoro zilikuwepo na zingeweza kusababisha upungufu ule, na mwaka 2024 bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu. Watu walifungwa, wengine walifilisika, wengine walikufa kabla ya majina yao kusafishwa. Ninakitaja kisa hiki kwa uzito wote, kwa maana kinaonyesha kwamba kuandika orodha ni nusu ya wajibu tu. Orodha iliyofungiwa kabatini kwa mwenye mfumo inaweza kumuumiza mtumiaji zaidi ya kutokuwepo kwake, maana mwenye mfumo anajua na mtumiaji analaumiwa.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, nalo hutoka kwa mafundi wenzangu: badala ya kuandika kasoro, itengeneze. Wanaogopa kwamba orodha inageuka kitanda cha uvivu, mahali pa kulaza matatizo ili yasimsumbue mtu. Hofu hiyo nakubali ina msingi. Nimezisoma orodha ambamo kasoro ileile inahama kutoka toleo hadi toleo bila mstari mmoja kuongezwa. Lakini hoja hiyo inachukulia kwamba kila kasoro inatengenezeka, na hilo si kweli. Mradi wa Debian, unaotoa mfumo wa Linux kama Fedora, katika mkataba wake na jamii wa mwaka 1997, uliahidi kutoficha matatizo na kuiacha hifadhidata yake ya kasoro wazi kwa umma wakati wote. Ahadi hiyo imewalazimisha kusema hata maamuzi machungu. Mfano ni hesabu ya muda. Kompyuta nyingi za zamani huhesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, katika nafasi ya biti 32, na nafasi hiyo itajaa Januari 2038. Keneli ya Linux ilipata uwezo wa kuvuka mpaka huo kwenye mashine za biti 32 katika toleo la 5.6, mwaka 2020. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, ilibadilisha hesabu ya muda kwa mashine za biti 32 isipokuwa familia ya zamani ya i386, iliyoachwa kwa makusudi ili programu zake kongwe zisivunjike. Hiyo ni kasoro inayojulikana, isiyotatuliwa, na ambayo imeamuliwa isitatuliwe. Naiheshimu, kwa sababu imeandikwa mahali ninapoweza kuisoma, na nikiisoma naweza kupanga.

Kuhusu wale wanaosema kwamba orodha ya wazi inawapa wezi ufunguo, nitasema kwa ufupi kwamba wana haki kwa muda. Tundu la usalama lililogunduliwa jana linastahili siri hadi kiraka kipatikane, na mafundi wa usalama wengi hutoa muda maalumu, siku 90 kwa kawaida, kabla ya kutangaza. Ila kasoro nyingi zinazowasumbua watu wa hapa si za namna hiyo. Hakuna mwizi anayefaidika kwa kujua kwamba hifadhi ikijaa Sugar haifunguki.

Linabaki swali la nani atausoma ukurasa wenyewe, na hapa ndipo naona kazi yetu sisi, wala si ya waundaji wa mbali. Orodha zinaandikwa kwa Kiingereza cha mafundi, na kwa namba za tiketi, yaani ripoti za kasoro. Nyakarenzo watu wanaishi kwa Kinyarwanda. Kiswahili, kilichofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, ndicho kinachomuunganisha fundi wa mji wetu wa Kamembe na muuza vipuri wa Bukavu, upande wa Kongo, ng'ambo ya mto Rusizi. Mwalimu hahitaji kutafsiriwa tiketi. Anahitaji kujua dalili anayoiona, mashine zipi zinahusika, afanye nini leo, na kama kuna tumaini la tiba. Mambo hayo yanaenea kwenye mistari minne, na yanaweza kubandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku. Nimesikia ikisemwa kwamba walimu hawatayaelewa. Mkulima asiyemaliza shule anamtambua antestia na kujua madhara yake; sioni kwa nini mwalimu ashindwe na vitufe vinne vya pembe.

Kwa hiyo katika kila mfumo ninaoujenga, faili la kasoro nalitia ndani ya mfumo wenyewe, kwa Kinyarwanda na Kiswahili, ili mtu asiweze kunakili kimoja na kuacha kingine. Kwa mashine za i386 limo ingizo moja ambalo halina dalili bado. Linasema kwamba tarehe 19 Januari 2038, saa 11 na dakika 14 na sekunde 7 alfajiri kwa saa za Rwanda, saa ya mashine hii itafika mwisho wa hesabu yake, na sekunde inayofuata inaweza kuonyesha Desemba 1901. Kwamba mafaili hayatakuwa yamepotea. Na kwamba yanakiliwe kwenye mashine nyingine kabla ya mwaka huo kuanza.