Kamasi Haina Safu

Nimehesabu kopepodi hadi nikawaota usiku. Kama hujawahi kuwasikia, ni jamaa wa kaa na kamba, wengi hawafiki hata milimita mbili, na samaki wachanga huwategemea kwa chakula. Wana gamba. Shika hilo la gamba, ndilo linalonisumbua.

Kule Gazi, Kwale, tulikuwa tunavuta wavu nyuma ya boti baada ya magharibi, maana viumbe wengi wanaoelea hupanda juu giza likiingia. Wavu wenyewe ni kama faneli ndefu, matundu yake maikromita 200, yaani moja ya tano ya milimita. Mkiani kuna chupa. Nahodha alichungulia ile chupa akacheka: “Mwanangu, mwatoka Nairobi yote hiyo kuja kuvua uji?”

Na kweli ulikuwa uji. Kila sampuli ilikuja na kamasi, vipande vya kitu laini kilichokuwa kiumbe dakika chache kabla. Tukatia fomalini, tukarudi lebu, nikakaa kwenye hadubini nikijaza fomu: kopepodi, mabuu ya kaa, mayai ya samaki. Kamasi haikuwa na safu.

Halafu nikasoma makala ya Tristan Biard na wenzake, iliyotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2016. Hawa walishusha kamera ya UVP, iliyobuniwa Villefranche-sur-Mer, Ufaransa. Inateremka kwa kebo, inamulika, inapiga picha ya maji yenye ujazo unaojulikana, na haimgusi mtu. Kwenye picha wakakuta Rhizaria, viumbe wa seli moja lakini wakubwa wa kuonekana kwa macho, ambao wavu huwavunja na dawa huwayeyusha. Hesabu yao: mita 200 za juu za bahari zote, hawa majitu wamebeba takriban asilimia 5.2 ya kaboni yote iliyomo kwenye viumbe wa baharini. Zaidi ya miaka mia ya nyavu, na walikuwa wanahesabiwa kidogo mno. Niliwaza ile kamasi yetu.

Lakini usinikimbilie na habari ya eti kamera imemaliza wavu. Hiyo husemwa na wenye meli. Picha moja ya UVP ni kama lita moja ya maji. Wavu huchuja mita za ujazo nyingi kwa dakika chache, kwa hivyo kifaranga wa samaki aliye adimu utampata wavuni, kwenye picha utamsubiri sana. Wadogo kabisa kwenye picha ni vitone tu. Picha haikupi DNA, na mara nyingi haiwezi kukuambia ni spishi gani. Na wavu, bana, ukichanika unashonwa.

Ila siku hizi nikisoma ripoti inayosema kopepodi ndio wengi pwani fulani, nauliza kwanza: wengi baharini, au wengi waliofika chupani wakiwa wazima?

Nimeongeza safu kwenye fomu yangu, kwa penseli. Kabla ya fomalini naiacha sampuli itulie, napima kamasi kwa mililita. Msimamizi wangu ameuliza nitailinganisha na data ya nani. Swali zuri, na linaniudhi. Nimeshapima chupa kumi na moja.